Heshima kwa Fundi wa Projekta

Pale Vuga, katika Mji Mkongwe wa Unguja, sinema ya Royal iliyochorwa na msanifu majengo J. H. Sinclair ilifunguliwa mwaka 1921. Iliteketea kwa moto mwaka 1954, na mwaka uliofuata ikasimama Majestic mahali pake. Wapitao huisifu sura ya jengo hilo, na inastahili. Sifa zangu mimi nampa mtu ambaye watazamaji walimpa mgongo usiku kucha: fundi wa projekta.

Kazi yake ilianza kabla mlango haujafunguliwa. Aliupitisha mkanda kati ya vidole, akitafuta matundu ya pembeni yaliyochanika na viungo vilivyolegea. Palipokuwa pabovu alikata, akakwangua, akatia gundi. Alijua kwamba kasoro aliyoiacha mezani ingeonekana na ukumbi mzima.

Taa zikizimwa, picha 24 zilipita kila sekunde. Hazikuteremka mfululizo: kila moja ilisimama kitambo, ikavutwa, na wakati wa kuvutwa kizibo kiliufunika mwanga ili jicho lisione mwendo huo. Mwanga wenyewe ulitoka kwenye vijiti viwili vya kaboni vilivyoungua huku vikifupika. Nafasi kati yake ikizidi, picha hufifia. Ikipungua mno, mwanga huchezacheza. Ilibidi avitazame daima, avisogeze kidogo kidogo, katika chumba chenye joto kali.

Mkanda wa futi 2,000 huisha kwa dakika 22 hivi. Awaara ya Raj Kapoor, filamu ya 1951 iliyopendwa mno kwetu pwani, inazidi saa tatu. Hesabu mwenyewe mikanda mingapi hiyo. Ndiyo maana projekta zilikuwa mbili. Mkanda ukikaribia mwisho, doa dogo hutokea juu, pembe ya kulia ya picha. Fundi huwasha mota ya projekta ya pili. Sekunde chache baadaye doa jingine hutokea, naye huhamisha mwanga na sauti papo hapo. Raj Kapoor akianza kugeuka katika mkanda wa tano, anamalizia kugeuka katika wa sita, na hakuna aliyehisi kitu.

Unguja kazi hiyo ilikuwa na ugumu wa ziada. Nakala moja ya filamu iliweza kutumikia sinema mbili usiku mmoja: moja ikitangulia, nyingine ikifuata, na vijana wa baiskeli wakikimbiza mikanda kupita vichochoroni. Fundi wa sinema ya pili alipokea mkanda ukiwa bado na vuguvugu, akaukagua haraka, akaupachika, huku uliotangulia ukielekea kwisha.

Kwa upande wa sifa, kazi hii ilikuwa na ujira mchungu. Ikiharibika, miluzi ilijaa ukumbini. Ikienda sawa, watu walitoka wakimtaja mwigizaji Nargis. Ustadi wake wote ulikuwa kuhakikisha hakumbukwi.

Leo faili huchezwa kwa kubonyeza kitufe, na mafundi waliojua kusoma yale madoa mawili ni wazee. Wanaotaka kuyafufua majumba haya ya sinema wasiishie kwenye kuta na viti. Wakihifadhi chumba cha projekta, wahifadhi na mashine zake zikiwa zinafanya kazi. Nawe, ukimjua mzee aliyefanya kazi hiyo mtaani kwenu, kaa naye, umrekodi akieleza, mapema.