Félicité: Kisa au Mhusika?

Wenzetu kadhaa tuliotazama nao *Félicité* ya Alain Gomis, filamu iliyopata mwaka 2017 Tuzo Kuu ya Baraza la Waamuzi huko Berlin, walilalamika kwamba kisa chake kinakatika katikati. Ni kweli, kinakatika. Sisi tunaona ya kuwa hapo ndipo filamu inapoanza.

Sehemu ya kwanza yafuata njia inayojulikana. Félicité, mwimbaji wa baa mjini Kinshasa, anatafuta fedha ili mwanawe Samo, aliyeumia katika ajali ya pikipiki, afanyiwe upasuaji. Anadai madeni, anaomba, hata anapigwa. Anaporudi hospitalini, mguu wa mtoto umekwisha kukatwa. Fedha hazina kazi tena.

Mtungaji mwingine angalimaliza hapo, nasi tungalikwenda zetu tukimhurumia maskini mmoja zaidi. Gomis anabaki nyumbani kwake. Samo hasemi, mama naye amenyamaza, Tabu, mlevi mpenda wanawake, anahangaika na jokofu bovu. Véro Tshanda Beya, ambaye hakuwa amewahi kuigiza katika filamu, anabeba dakika hizo kwa uso tu. Mwanaisimu huzoea kumpima mhusika kwa usemi wake. Hapa Kilingala chake cha kudai kimekwisha, na kimya kinachobaki si cha mtu aliyeshindwa. Anapocheka hatimaye pamoja na Tabu, hatuambiwi sababu, wala hatuihitaji.

Matembezi ya usiku msituni, kwa maoni yetu, yamerudiwa mno.