Kinyama cha Kope

Uvimbe kwenye kope mara nyingi huwa chokea, au tezi ya mafuta iliyoziba. Ule usiouma na unaokua taratibu kwa miezi ndio huwapita wengi. Daktari wa macho aliyeiva haudharau. Hupindua kope atazame ndani, maana limfoma, yaani saratani ya limfosaiti, huweza kujitandaza pale kama bamba laini la rangi ya waridi, kisha hupapasa tezi za mbele ya sikio na za shingoni. Na hampi mgonjwa dawa ya steroidi kwa kubahatisha, kwa sababu hiyo huweza kuuyeyusha ushahidi kabla haujapimwa.

Kisha huchukua kinyama, na mimi humpima daktari kwa jinsi anavyokishika. Limfosaiti, seli nyeupe za damu zinazotafutwa humo, ni seli dhaifu. Koleo likizibana huburuzika na kuwa michirizi ya buluu isiyosomeka hata na bingwa. Kipande chenyewe ni cha milimita chache tu, hakuna cha kupoteza. Maabara hukigandisha ndani ya nta na kukikata vipande vyembamba vya maikromita 3 au 4.

Kwenye hadubini, ugumu ni kwamba mkusanyiko wa limfosaiti unaotokana na mwasho tu na limfoma ya polepole, iitwayo MALT, hufanana mno. Kabla wanapatholojia Isaacson na Wright hawajaieleza aina hiyo mwaka 1983, uvimbe mwingi wa namna hii uliitwa limfoma bandia. Mwanapatholojia hutazama kwanza kwa ukuzaji mdogo: je, vitovu vya seli bado vina mipaka, au seli ndogondogo zimemwagika na kuvizingira? Halafu huita rangi za kingamwili. CD20 huonyesha seli B, CD3 seli T, Ki-67 zile zinazogawanyika. Kapa na lamda, aina mbili za minyororo myepesi ya kingamwili, ndizo hunivutia zaidi: seli B za kawaida huwa mchanganyiko wa hizo mbili, kwa hiyo zikibeba karibu zote aina moja, inaelekea zimezaliwa na seli moja.

Hata hapo mwenye busara hakimbilii jina. Kinyama kikiwa kimepondeka, huandika wazi kwamba hakitoshi, na kuomba kingine. Jibu likithibitika, mgonjwa hupimwa kifua, tumbo, pengine na uboho. Ugonjwa ukiwa umeishia jichoni, mionzi peke yake mara nyingi hutosha.