Kamera Imo Shuleni, Picha Haimo

Tunapozungumza juu ya sanaa katika elimu ya Taifa letu, huwa twataja ngoma, nyimbo, maigizo, uchoraji na uchongaji. Upigaji picha hautajwi. Au ukitajwa, hutajwa kama njia ya kijana kujipatia riziki harusini na katika mahafali. Makala hii yakusudia kuonyesha kuwa kasoro hiyo si ndogo, na kwamba huonekana wazi zaidi katika sehemu kama Kahama, ambako ardhi yenyewe hubadilika sura mbele ya macho ya watu kabla mtu hajapata kuiandika.

Si kweli kwamba kamera haijafika shuleni. Mwanafunzi wa sekondari huikuta katika somo la Fizikia, pamoja na hadubini, darubini na jicho la binadamu. Huchora sanduku, lenzi, tundu la kupitisha mwanga na filamu. Huchora miale ikikatana na taswira ikisimama kichwa chini. Katika Historia hufundishwa kwamba masimulizi, maandishi na vitu vya kale ni vyanzo vya kuyajua yaliyopita. Katika Kiswahili hutunga insha. Basi vipande vyote vya somo la upigaji picha vimo, lakini hapana mwalimu aliyepewa kazi ya kuviunganisha. Matokeo yake ni kwamba kijana aweza kufaulu mtihani wa kuichora kamera bila kuulizwa hata swali moja juu ya picha.

Na tuanze na jambo jepesi. Kahama iko karibu nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, na jua la saa sita huwa la utosi. Mpange mwanafunzi uwanjani saa hiyo, amevaa shati jeupe la shule, kisha umpige picha. Shati litang'aa, na uso utakuwa giza, macho yamezama katika vivuli vya paji. Watu husema, "Picha imemkataa." Picha haikumkataa mtu. Kipimo cha mwanga kilichomo katika kamera hukisia kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, vina weupe wa wastani. Kikiona shati jeupe limejaa, hupunguza mwanga, na anayelipa ni uso mweusi. Mpiga picha aliyefundishwa hupima mwanga usoni wala si kwenye shati, au humsogeza mwenziwe barazani, penye kivuli chenye mwanga laini.

Somo hili la dakika kumi lina fizikia ndani yake, lakini pia lina heshima ya mtu. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilisawazisha rangi za picha kwa kadi zilizokuwa na sura za wanawake wa Kizungu. Ngozi yetu haikuwa katika hesabu. Kijana asiyeyajua haya ataamini kwamba uso wake ndio wenye kasoro, na huko ndiko kasumba inakoanzia. Kijana ayajuaye atairekebisha kamera, asijirekebishe yeye.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo ni jina. Walther Dobbertin, Mjerumani aliyekuwa mpiga picha katika nchi hii zama za utawala wa Wajerumani, aliacha picha nyingi ambazo leo zimo katika Nyaraka za Taifa za Ujerumani. Ni picha zilizopigwa kwa ustadi, na haitupasi kuukana ustadi huo. Lakini tazama maelezo ya picha nyingi za zama zile: askari, wapagazi, mwanamke wa kabila fulani. Mzungu aliyesimama katikati huenda akatajwa jina. Waliomzunguka hutajwa kwa kazi au kwa kabila. Watu wa Unyamwezi na Usumbwa, waliobeba biashara ya nusu ya bara hili mabegani mwao, wamebaki katika picha za namna hiyo kama mizigo waliyoibeba. Picha imewahifadhi sura na kuwapoteza utu.

Mtunzi wa mashairi anajua kwamba ubeti usio na kituo huning'inia. Picha isiyo na maelezo ni vivyo hivyo: inaonekana, lakini haijasema. Na dosari hii hatuwezi kumwachia mkoloni peke yake. Fungueni masanduku ya nyumbani. Humo mna picha za studio, watu wamesimama mbele ya pazia lililochorwa ziwa na bustani ambazo wilayani hazipo. Mimi siidharau kazi ya studio. Katika miji yetu ndiyo iliyompa mtu wa kawaida nafasi ya kuchagua mwenyewe aonekaneje. Huko Unguja, Capital Art Studio ya Ranchhod Oza, iliyoanzishwa mwaka 1930, imekuwa hazina ya historia ya mji mzima. Lakini geuza picha za nyumbani uzitazame mgongoni: nyingi hazina jina, mahali wala mwaka. Mzee mmoja akifariki, picha ishirini huwa za wageni.

Kwa Kahama jambo hili lina uzito wa pekee. Mgodi wa Buzwagi, ulio jirani na mji, ulianza uzalishaji mwaka 2009, na kufikia mwaka 2021 uchimbaji ulikuwa umekoma. Katika muda usiotosha mtoto kuzaliwa na kumaliza shule ya msingi na sekondari, ardhi imekuwa shimo, na shimo likawa kumbukumbu. Nani ana picha ya mahali pale kabla ya katapila la kwanza, yenye jina la kijiji na mwaka?

Tena liko la Bulyanhulu. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa huko, na mwaka 2001 mgodi mkubwa ukafunguliwa. Ukazuka ubishi, ndani na nje ya nchi, juu ya yaliyotukia siku zile za kuondolewa: wako waliodai kwamba watu walifukiwa mashimoni, na Serikali na kampuni zikayakana madai hayo. Katika ubishi huo zilitajwa picha na mikanda ya video. Si kazi ya makala hii kuamua shauri hilo. Linalotuhusu ni kwamba jambo zito kuliko yote, yaani uhai wa watu, linapofika kwenye picha huangukia maswali matatu ambayo shule haijawahi kuyafundisha: Hii ni ya wapi? Ni ya siku gani? Nani aliipiga? Asiyeweza kuyajibu hana ushahidi, hata kama ana picha.

Wako watakaosema kwamba kamera ni ghali na shule zetu zina upungufu wa madawati. Hoja hii ina ukweli, ila haitoshi. Kamera ya tundu hutengenezwa kwa kopo la maziwa lililopakwa rangi nyeusi ndani, na yatosha kufundishia mwanga. Kamera moja yaweza kutumiwa na wanafunzi kumi, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi si kubonyeza kitufe: ni kutazama, kusubiri, kuomba ruhusa, kuuliza majina na kuandika. Maana kamera nayo haina budi kubisha hodi.

Wengine watasema kwamba siku hizi kila mtu ana simu yenye kamera, basi hakuna cha kufundisha. Ni sawa na kusema kwamba kwa kuwa kila mtu ana ulimi, ushairi haufundishiki. Shule nyingi humkataza mwanafunzi kuwa na simu, na sababu zake zaeleweka. Lakini humfungulia lango siku ya mwisho akaikute simu hiyo bila neno lolote la maongozi.

Manufaa ya somo hili hayahitaji kubuniwa. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alisoma Dar es Salaam, na huko alikuwa katika chama cha wapiga picha cha shuleni. Mwaka 1963 alianzisha Camerapix katika jiji hilo hilo. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia, alizozipiga Korem, ziliutikisa ulimwengu. Zilitikisa kwa sababu zilikuwa na mahali na siku. Hapakuwa na wa kusema ni njaa ya wapi.

Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, aliikosoa elimu inayomtenga mwanafunzi na jamii yake. Toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limeipa amali nafasi katika sekondari. Mlango huo ni mzuri, ila una hatari yake: upigaji picha ukiingia humo kama ufundi mtupu, tutapata mafundi wa harusi wengi zaidi na mashahidi wale wale wachache.

Ninapendekeza basi jaribio moja litakalompima mwanafunzi kuliko karatasi ya maswali. Kila mtahiniwa alete picha kumi za mahali pamoja alipopajua mwenyewe: duara la mchimbaji, jaruba la mpunga, bani la kukaushia tumbaku, mnada wa ng'ombe. Chini ya kila picha aandike, kwa Kiswahili sanifu, nani, wapi, lini, na kwa ruhusa ya nani. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine ipelekwe ofisi ya utamaduni ya halmashauri.

Wapiga picha wa karne ya kumi na tisa waliziogesha picha zao katika maji yenye kloraidi ya dhahabu ili zisififie upesi. Dhahabu ya Kahama imekwenda mbali na kurembesha mikono mingi. Vijana wake wakifundishwa kuandika jina la mtu chini ya sura yake, watakuwa wamezidumisha picha zao kwa kitu ambacho hakichimbwi wala hakiishi.