Kumbukumbu, Hifadhi na Ramu: Tahakiki ya Istilahi za Kompyuta

Miongoni mwa maandishi yaliyotufikia ili tuyapitie ni kijitabu kidogo kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, chenye kuwaelekeza watumishi wa ofisi namna ya kuiongezea kumbukumbu kompyuta ya mezani iliyozeeka ili ifanye kazi kwa wepesi zaidi. Jambo lenyewe lina manufaa. Ofisi zetu nyingi, na shule pia, zingali zinatumia mashine za miaka kumi na zaidi, na si kila bajeti inayoruhusu kununua mpya. Mfasiri amefanya kazi yake kwa bidii, sarufi yake ni safi, na hatuna nia ya kumvunja moyo. Hata hivyo, tulipokisoma kijitabu hicho kwa jicho la mtu atakayekitumia, tuliona kwamba istilahi zake zaweza kumfanya msomaji anunue kitu asichokihitaji.

Hofu hii si ya bure. Ofisi moja tuliyowahi kufanya nayo kazi iliandika barua kuomba kompyuta zake ziongezewe kumbukumbu, kwa kuwa zilikuwa nzito mno. Mwuzaji akaleta diski kubwa zaidi, za kuzunguka kama zile zilizokuwamo. Fundi akazifunga, fedha zikalipwa, na kompyuta zikabaki nzito vile vile. Mwuzaji hakudanganya, wala karani aliyeandika barua hakukosea Kiswahili. Kila mmoja alilitumia neno lile kwa maana aliyoizoea.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Barua ya serikali hubeba juu yake Kumb. Na.; mikutano huandikiwa kumbukumbu; Tanzania ina Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa; na wasomaji wa Biblia wanakijua kitabu cha Kumbukumbu la Torati. Katika matumizi yote hayo kumbukumbu ni kile kinachobaki, kilichowekwa ili kesho na keshokutwa kiweze kurejewa. Sasa, vipande vile ambavyo kijitabu kinataka viongezwe vina tabia iliyo kinyume kabisa. Hushika kazi iliyo mkononi maadamu umeme upo. Umeme ukikatika, vyote vilivyokuwamo hutoweka. Karani aliyewahi kupoteza barua ya kurasa tano kwa sababu hakuihifadhi mapema analijua jambo hili kwa uchungu kuliko sisi. Kinachobaki ni diski. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili akiambiwa kumbukumbu, akili yake huenda kwenye diski, na huenda huko kwa kufuata lugha yake barabara. Simu za mkononi nazo zimezidi kuuvuruga mkondo, maana ile kadi ya memori wanayoiuza madukani ni chombo cha kuhifadhia picha na nyimbo, si kumbukumbu ya aina tunayoizungumzia hapa.

Tunapowaeleza walimu tofauti hii, hupenda kutumia mfano wa masjala. Diski ni kabati la mafaili. Kumbukumbu ya kazi ni meza ya karani. Meza ikiwa ndogo, kila anapotaka faili jipya hana budi kulirudisha jingine kabatini kwanza, na siku nzima hupita akienda na kurudi. Ndivyo ifanyavyo kompyuta iliyopungukiwa: huhamishia diskini sehemu ya kazi iliyofunguliwa, kisha huirudisha inapohitajika. Diski ya kuzunguka huhitaji takriban sehemu moja ya mia ya sekunde kukitafuta kitu. Vipande vya kumbukumbu huhitaji takriban sehemu moja ya milioni kumi. Tofauti ni ya mara 100,000 hivi, na ndiyo sababu mtumiaji huona taa ya diski ikimetameta bila kikomo huku kishale kimesimama. Kununua kabati kubwa zaidi hakupanui meza. (Mwuzaji wetu angaleta diski za kisasa zisizo na sehemu inayozunguka, nafuu ingeonekana, kwa kuwa safari ya kwenda kabatini ingekuwa fupi; lakini bado isingekuwa kile kilichoombwa.)

Safari hizi za meza na kabati kijitabu kinaziita kumbukumbu pepe. Tunakiri kwamba istilahi hiyo imeshaenea. Lakini mtumishi wa kawaida alilijua neno pepe kwa kupitia barua pepe, na tumesikia kwa masikio yetu mtu akiuliza kama kumbukumbu hiyo huja kwa mtandao. Kumbe ni sehemu ya diski ile ile iliyomo ndani ya sanduku, imeazimwa ifanye kazi ya meza. Kumbukumbu ya kuazima ingeeleweka upesi zaidi.

Kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yetu, ni kumbukumbu ya ufikio nasibu. Hapa mfasiri amefuata kila neno la Kiingereza kwa uaminifu, na uaminifu huo ndio uliomponza. Neno nasibu linajulikana na kila mtu kwa sababu ya bahati nasibu; msomaji atadhani kompyuta hubahatisha. Aidha, jina hilo la Kiingereza lilitolewa ili kutofautisha vyombo ambavyo kila sehemu yake hufikiwa moja kwa moja na vile kama utepe wa sumaku, ambao hauna budi kufuatwa kwa mfululizo. Diski nayo haifuatwi kwa mfululizo kama utepe. Kwa hiyo jina hilo halimsaidii mtu kutofautisha viwili anavyopaswa kuvitofautisha dukani. Hakuna sababu ya Kiswahili kurithi tofauti iliyokwisha kazi.

Kuhusu kuboresha kumbukumbu tutasema machache: maneno hayo humfaa tabibu wa wazee. Kumbukumbu ya kompyuta haiboreshwi, huongezwa.

Lipo pia neno dogo ambalo mfasiri hakulitilia shaka. Kijitabu kinamtaka msomaji ahakikishe kwanza kama kuna nafasi. Nafasi gani? Msomaji atafungua kompyuta yake na kutazama diski imejaa kiasi gani, ilhali mwandishi alikusudia mfereji katika bodi ambamo kipande kinachomekwa. Mafundi husema sloti, na hakuna anayewaelewa vibaya.

Tunapendekeza nini basi? Neno hifadhi libaki kwa diski na kadi, kama linavyotumika tayari. Neno kumbukumbu libaki kwa somo la jumla, darasani na vitabuni, penye nafasi ya kueleza. Lakini katika hati za ununuzi, maagizo ya ufundi na vijitabu kama hiki, tulikubali neno la mafundi: ramu. Tunajua kwamba desturi ya kuunda istilahi hutaka tutafute kwanza katika Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha za Kibantu, kabla ya kubisha hodi ugenini, na wapo wenzetu watakaotulaumu. Jibu letu ni kwamba tulitafuta, tukapata kumbukumbu, na neno hilo lina mwenyewe tangu zamani. Ramu haina maana nyingine ofisini ya kugombana nayo, inakubali viambishi vyetu bila taabu, na mwuzaji wa Kariakoo analielewa.

Hata hivyo, neno peke yake halitoshi katika barua ya maombi. Ramu za DDR3, zilizotoka mwaka 2007, haziingii katika sloti za DDR4, zilizotoka mwaka 2014, kwa kuwa pengo lililochongwa ukingoni halikai mahali pamoja. Za kompyuta mpakato ni fupi kuliko za mezani. Tena Windows ya kawaida ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4, hata ukijaza sloti zote. Kwa hiyo, pale kijitabu kinapotoa mfano wa barua ya kuomba kompyuta iongezewe kumbukumbu, toleo lijalo liandike: ramu mbili za DDR3, za gigabaiti 4 kila moja, za kompyuta ya mezani.