Jamvi Linalolala Juu ya Ardhi Vuguvugu

Kwa fundi wa Mbagala au Kisumu, jamvi ni kazi ya siku moja yenye kelele. Kifusi kimeshashindiliwa, nailoni imetandazwa, wavu wa BRC umekaa juu ya vijiwe vyake, mashine ya zege inaunguruma, ndoo zinapita mkono kwa mkono, na jioni kazi imelala. Kuanzia hapo adui ni jua. Jamvi litamwagiliwa maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima, lisije likakauka kabla ya kukomaa. Mpeleke fundi huyohuyo Minnesota, Marekani, mwezi wa Novemba. Atakuta jamvi limefunikwa blanketi nene toka kona hadi kona, na kipimajoto kimepenyezwa chini ya pindo la blanketi hilo, na mtu anakuja kukisoma hata usiku. Saruji ni ileile, mchanga ni uleule, kokoto ni zilezile. Aliyebadilika ni adui.

Adui huyo anakaa ardhini. Wanorwe humwita tele, Waswidi tjäle, Wafini routa: neno moja fupi la kutaja ardhi iliyoganda. Kiswahili kina barafu, theluji na sakitu, lakini kwa ardhi inayoganda mita nzima kwenda chini hakijapata haja ya kutunga jina la peke yake. Hata hivyo wapagazi wa Kilimanjaro na Mlima Kenya wanamfahamu. Huko juu, ukishapita mita 4,000, alfajiri udongo hulia chini ya buti. Ukiinama na kumulika tochi unaona sindano za barafu zimesimama wima, zimesongamana kama nywele za brashi, na nyingine zimebeba kijiwe kichwani. Jana jioni kijiwe hicho kilikuwa kimelala chini kwenye udongo. Usiku mmoja umetosha kukinyanyua.

Sasa zichukue sindano hizo uziweke chini ya nyumba, na badala ya usiku mmoja uzipe miezi minne.

Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba ardhi huinuka kwa sababu maji yakiganda hutanuka, kama asilimia 9 hivi. Ni kweli hutanuka, ila hesabu haikutosha kueleza barabara na kuta zilizoinuliwa sentimita 10 na zaidi katika kipupwe kimoja. Stephen Taber, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha South Carolina, ndiye aliyelifumbua fumbo hilo kwa majaribio aliyoyachapisha mwaka 1929 na 1930. Aliloweka udongo kwa benzini, kimiminika ambacho kikiganda husinyaa badala ya kutanuka, kisha akaugandisha. Udongo uliinuka vilevile. Basi chanzo kikubwa hakikuwa kutanuka kwa maji. Chanzo ni kufyonza: pale baridi inapofika ardhini, barafu inayojijenga huvuta maji kutoka chini kupitia vitundu vya udongo, ikajiongeza tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka linasukuma juu kilicho juu yake. Mchangatope ndio mbaya kuliko wote, kwa kuwa vitundu vyake ni vidogo vya kutosha kuvuta maji na bado vina nafasi ya kuyapitisha upesi. Changarawe safi haivuti. Mfinyanzi huvuta, ila maji hupenya ndani yake polepole mno.

Jibu la wazee wa kaskazini lilikuwa kuchimba tu. Msingi ushuke hadi baridi isipofika. Katika jimbo la Wisconsin kanuni inadai inchi 48, kama mita 1.2, kaskazini mwa Minnesota ni inchi 60, mita moja na nusu. Ukishachimba kiasi hicho kuzunguka nyumba nzima, unashawishika kumalizia na kupata chumba cha chini, na ndiyo sababu mojawapo ya nyumba nyingi za huko kuwa na ghorofa iliyozama ardhini. Ni jibu sahihi. Lakini ni zege na nondo nyingi mno zinazozikwa kwa kumkimbia adui badala ya kumzuia asije.

Mmoja wa waliokataa kukimbia alikuwa msanifu majengo wa Marekani, Frank Lloyd Wright. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba akiwa Tokyo majira ya baridi, mwenyeji wake Baroni Okura alimkaribisha katika chumba kilichojengwa kwa mtindo wa Korea, ambako moshi na joto la moto hupita chini ya sakafu. Wakorea wenyewe huuita ondol. Hakuona jiko wala bomba, ila mwili mzima ulituama kwa joto. Miaka ikapita. Mwaka 1936 mwandishi wa habari Herbert Jacobs na mkewe Katherine, wa mji wa Madison huko Wisconsin, walimwendea wakitaka nyumba nzuri ya dola 5,000. Ilikamilika 1937 kwa dola 5,500 pamoja na ujira wa msanifu. Haina chumba cha chini kilichoenea chini ya nyumba nzima. Wright aliilaza juu ya jamvi la zege, chini ya jamvi akapitisha mabomba ya kupasha joto, na badala ya kuta za msingi akatumia mitaro iliyojazwa mawe yaliyopondwa, ambamo maji hayatuami. Hii katika mji ambao baridi yake hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Mwaka 2019 nyumba hiyo iliingizwa, pamoja na kazi zake nyingine saba, katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia.

Wright alijua kwa hisia ya fundi. Waliolifanya jambo hili kuwa elimu ni watu wa Skandinavia. Tangu miaka ya 1950 walianza kujenga majamvi yenye msingi mfupi unaokingwa kwa bodi za povu gumu, na Norwe ikaendesha utafiti mkubwa uitwao Frost i jord, yaani baridi ardhini, uliotoa mwongozo wake mwaka 1976. Leo nyumba za namna hiyo katika nchi za Nordiki ni zaidi ya milioni moja, na Marekani nayo ikauingiza ufundi huo katika kanuni zake za ujenzi miaka ya 1990. Msingi uliodaiwa mita moja na nusu unaruhusiwa kuwa sentimita 30 au 40 tu.

Sentimita 30! Ni urefu wa rula ya mwanafunzi.

Hapa ndipo ufundi wenyewe unapoanza, nao ni wa kupendeza kuutazama. Bodi hizo ni jamaa wa lile povu jeupe linaloikinga runinga mpya ndani ya boksi, ila hizi hutengenezwa ngumu za kubeba mzigo. Fundi husimamisha bodi moja wima ubavuni mwa jamvi, kisha hulaza nyingine chini ya udongo kama bawa linalotoka kwenye ukuta kwenda nje, likiwa limeinamishwa kidogo ili maji yateremke mbali na nyumba. Joto linalovuja sakafuni na joto la ardhi ya chini, ambayo huko huwa na nyuzi kadhaa juu ya sifuri mwaka mzima, hunaswa chini ya bawa hilo. Baridi inakuja, inakuta mlango umefungwa. Kwenye kona fundi hurefusha na kupanua bawa, kwa sababu kona hupigwa baridi kutoka pande mbili. Ukitaka kumjua fundi anayeielewa kazi yake, usimwangalie katikati ya jamvi. Nenda kaangalie kona zake kabla hazijafukiwa, uone kama maungio ya bodi yamebanana au yameacha upenyo wa kidole. Baridi hupita kwenye upenyo wa kidole.

Chini ya jamvi huwekwa kokoto safi isiyo na vumbi, ishindiliwe, juu yake bodi, juu yake nailoni, kisha nondo. Mpangilio huo ulijulikana kwa machungu. Katika miaka ya 1970 Waswidi walijenga majamvi mengi ambayo povu lake liliwekwa juu ya zege na sakafu ya mbao ikapigwa juu ya povu. Zege likabaki baridi, unyevu ukakaa, mbao zikaota ukungu. Walipolihamishia povu chini, jamvi likawa upande wa ndani wa joto, likakauka, harufu zikaisha. Tofauti ni ya sentimita chache tu, nayo inaamua kama watoto watalala kwenye hewa safi.

Halafu inakuja siku ya kumwaga. Ardhi iliyoganda haimwagiwi zege hata kidogo, maana ikiyeyuka itazama. Zege lenyewe hukorogwa kwa maji ya moto, na jamvi jembamba linatakiwa kulazwa na kutunzwa katika nyuzi 13 au zaidi. Likigandishwa saa za mwanzo, kabla halijakaza, laweza kupoteza hadi nusu ya nguvu zake, na nguvu hizo hazirudi. Wapo wanaotia kloridi ya kalsiamu ili likaze upesi. Penye nondo, dawa hiyo huleta kutu. Kingo na ngazi za nje, zitakazoonja baridi miaka yote, hutiwa viputo vidogo vya hewa, asilimia 5 hadi 8 ya ujazo, viwe nafasi ya barafu kujitanulia. Siri hiyo iligunduliwa kwa bahati miaka ya 1930, pale baadhi ya barabara za New York zilipodumu kuliko nyingine, ikaonekana kwamba saruji yake ilisagwa kwa msaada wa mafuta ya ng'ombe, nayo mafuta yalifanya povu. Lakini sakafu ya ndani itakayolainishwa kwa mwiko wa chuma haitiwi viputo hivyo, kwani uso ukifungwa mapema hewa hunaswa chini yake na ngozi ya juu hubanduka.

Na kulainisha kwenyewe ni kusubiri. Kila joto linaposhuka nyuzi tano na nusu, muda wa zege kukaza huongezeka kwa kama theluthi. Jamvi ambalo Julai lingepigwa mwiko alasiri, mwishoni mwa vuli laweza kumfanya fundi akeshe hadi usiku wa manane. Maji huchelewa kupanda juu, huchelewa kuondoka. Anayeharakisha huyafungia ndani, na mwaka ujao uso unachubuka. Mzoefu anakanyaga ukingoni, anatazama alama ya kiatu: ikizama zaidi ya milimita 6 hivi anarudi kukaa kwenye gari, anapasha mikono. Uvumilivu huo haumo kwenye mchoro wowote, nao ndio unaostahili sifa kuliko yote, maana mwenye nyumba hatauona wala kuulipia.

Hekima hii ina mipaka yake. Jamvi la namna hii limekadiriwa kwa nyumba inayokaliwa na kupashwa joto, wastani wa nyuzi 18 kwa mwezi; likimwagwa vuli na kuachwa wazi hadi machipuko, mchangatope utalivunja mgongo. Na mbali zaidi kaskazini, Yakutsk au sehemu za Alaska, ambako ardhi ya chini haiyeyuki mwaka mzima, joto la nyumba ndilo linalogeuka kuwa adui. Huko nyumba husimamishwa juu ya nguzo ili upepo upite chini yake, au mabomba maalumu hupitishwa chini ya jamvi kulivuta joto nje, ardhi ibaki imeganda. Fundi ni mmoja, swali ni moja: joto linakwenda wapi?

Leo wapo wasomaji wa Kiswahili wengi wanaoishi kwenye nyumba hizo, Minneapolis, Fargo, Oslo, Tampere, na machipuko yakifika mikono huwawasha kutafuta jembe. Ukipanda sukuma wiki kandokando ya ukuta na jembe likagonga kitu chepesi, cheupe au cha rangi, kinacholia kama boksi tupu, acha kuchimba. Usikikate, usikitoe. Kirudishie udongo wake, na bustani uisogeze hatua mbili mbali na nyumba.