Ubapa Usiosomwa: Uhakiki wa Mitazamo ya Kitaaluma kuhusu Silaha za Chuma za Nyanda za Juu Kusini

Usuli wa Hoja

Katika tafiti za silaha za jadi, ubapa wenye mchoro wa tabaka za metali umezoeleka kuwa kipimo cha ustadi wa mhunzi. Mfano unaotajwa zaidi ni keris ya Jawa. Mhunzi wake, aitwaye empu, huunganisha kwa moto na nyundo tabaka za chuma na za metali yenye nikeli, kisha huzikunja na kuzifua upya. Mwishoni ubapa huoshwa kwa aseniki na maji ya ndimu. Chuma huwa cheusi, tabaka zenye nikeli hubaki ziking'aa, na mchoro uitwao pamor hudhihirika. Mwaka 2008 keris iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Kwa kipimo hicho, mkuki wa Uhehe huonekana kuwa kitu cha kawaida, kwa kuwa uso wake hauna mchoro wa namna hiyo. Uhakiki huu unapinga hukumu hiyo. Pamor huonekana kwa sababu ya hatua ya mwisho, yaani kuosha kwa asidi. Kukosekana kwa hatua hiyo si ushahidi kwamba ndani ya metali hamna muundo wa kusomwa.

Muundo Uliofichika

Chuma cha tanuri la jadi hakikuyeyuka kikawa uji. Kilitoka kama bonge lililochanganyika na mavi ya chuma, sehemu moja ikiwa laini na nyingine ikiwa na kaboni ya kutosha kuitwa feleji. Ufipa, iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Mbeya kabla ya Mkoa wa Rukwa kuundwa mwaka 1974, ilikuwa na hatua mbili za kazi hiyo. Malungu, matanuri marefu ya kiasi cha mita 3, yalivuta hewa yenyewe bila mivuo. Bonge lililopatikana lilisafishwa tena katika vintengwe, vitanuri vidogo vilivyopulizwa kwa mivuo. Upangwani na Ukinga, katika wilaya za Ludewa na Makete zilizokuwa za Mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012, uhunzi nao ulistawi, na majembe ya Wakinga yaliwafikia Wanyakyusa.

Bonge kama hilo likifuliwa na kukunjwa hubaki na mistari ya kaboni na ya mavi ya chuma. Kipande chake kikisuguliwa mpaka king'ae, kisha kikapakwa asidi ya nitriki iliyozimuliwa kwa alkoholi, sehemu laini huonekana nyeupe na zenye kaboni huonekana nyeusi. Kanuni ni ileile ya Jawa: asidi hutenganisha kwa rangi kile ambacho nyundo iliunganisha. Hata hivyo, mstari wa Jawa ulikusudiwa, ilhali huu ni alama ya kazi yenyewe.

Pengo katika Tafiti na Makumbusho

Tasnifu ya Bertram Mapunda ya mwaka 1995 ilibainisha kwamba kusini-magharibi mwa Tanzania palikuwa na teknolojia zaidi ya moja, zikiwamo malungu na katukutu. Kazi ya Randi Barndon ya mwaka 2004 iliwalinganisha Wafipa na Wapangwa, ikaonyesha jinsi ufundi na miiko ilivyofungamana. Mchango wa kazi hizo haupingiki. Hata hivyo, uzito wake uko kwenye uyeyushaji. Chuma kikishatoka tanurini, simulizi yake hufifia.

Makumbusho ya Kalenga, karibu na mji wa Iringa, huanza pale tafiti zinapoishia. Huko mikuki huhifadhiwa pamoja na fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorejeshwa mwaka 1954. Ni vigumu mtazamaji kuutazama mkuki huo bila kuifikiria Lugalo ya tarehe 17 Agosti 1891. Kumbukumbu hiyo ni halali, lakini humsimamisha mpiganaji mbele na kumwacha mhunzi gizani. Hivyo ubapa umeanguka katikati: mwanaakiolojia ameuacha tanurini, na mwanahistoria ameupokea ukiwa tayari mkononi mwa askari.

Tahadhari na Hitimisho

Mjadala wa Buhaya unafundisha tahadhari. Peter Schmidt na Donald Avery walipoandika mwaka 1978 kwamba Wahaya walitengeneza feleji kwa kupasha hewa joto kabla haijaingia tanurini, wataalamu wengine waliutilia shaka ufafanuzi huo. Sifa isiyopimwa haimheshimu mhunzi. Humweka mahali ambapo anaweza kushushwa kwa hoja moja.

Hapa ndipo ugumu ulipo. Kuusoma ubapa kikamilifu hudai kukata kipande, na kipande kilichokatwa hakirudi. Malungu hayawaki tena, na wahunzi wa leo hufua springi za magari. Kila ubapa wa zamani ni shahidi asiye na mrithi. Inafaa basi sampuli zianzie kwenye vipande vilivyokwisha kuvunjika na majembe yaliyolika, kwa ridhaa ya jamii husika, huku silaha nzima zikichunguzwa kwa eksirei. Bila hatua hiyo, kimya cha ubapa kitaendelea kuhesabiwa kuwa upungufu wa mhunzi, ilhali ni upungufu wa msomaji.