Gitaa la Kujiundia: Sikio Kwanza, Vipuri Baadaye

Hapa Pazhou, mtaa wa Maonesho ya Canton, hufanyika pia maonesho ya ala za muziki. Gitaa la umeme unalikuta vipande vipande: bodi, shingo, nyaya, vinasa sauti vya sumaku. Unaliunga mwenyewe nyumbani. Kama mhandisi nausifu usahihi wa vipuri hivyo. Kama msikilizaji nina lawama: wengi wetu hubadilisha vifaa kabla ya kujua tunatafuta sauti gani.

Tazameni wapigaji wa rumba ya Kongo. Badiliko lao kubwa halikuhitaji hata kulehemu. Waliondoa uzi wa nne, ulio mnene, wakaweka mwembamba kama uzi wa kwanza, wakaupandisha oktava moja. Mtindo huo unaitwa mi-composé. Hesabu yake nyepesi: uzi wa nne wa kawaida hutetema mara 147 kwa sekunde, huu mara 294. Uzi wa kwanza hukazwa hadi 330, kwa hiyo hapa mvutano unapungua kama asilimia 20 na uzi haukatiki.

Matokeo yake ni gitaa linalokaa kati ya solo na ridhimu, likimeremeta bila kumfunika mwenzake. Ladha hiyo hainunuliwi kwa sumaku ya bei mbaya.

Ushauri wangu: anzeni na uzi mmoja. Ukilialia kwenye mfereji uliochongwa kwa uzi mnene, mfereji ujazwe na uchongwe upya. Pigeni wiki nzima, kisha ndipo muandike orodha ya manunuzi.